Kwa Nini Viazi Vyetu Hunyauka Hali Ardhi Ina Maji

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa genge la njia mbele ya mkutano wa tawi, na kupigwa chapa kwa ombi la wanachama.)



Sisi tuliosimama mbele yenu si mabwana shamba wala si walimu wa chuo. Sisi ni watu wa genge la njia. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na nyundo, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Lakini katika mkutano uliopita lilizuka shauri la viazi, likawa kali kuliko hata shauri la mishahara, mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Ikaamuliwa kwamba sisi tuliopiga kelele nyingi kuliko wengine twende tukaulize kwa wanaojua, kisha tuje tueleze. Basi tumeuliza, tumesoma, na tumeona kwa macho yetu.

Wengi wetu hapa tunatoka Meru na Embu. Reli haifiki kwetu. Mtu wa Meru hushukia Nanyuki na mtu wa Embu hushukia Sagana, kisha hupanda gari. Kazi yetu iko huku, shamba liko kule, na kati ya vitu viwili hivyo kuna ada ya watoto. Mshahara hulipa kodi ya chumba na chakula cha mwezi. Viazi, yaani waru, ndivyo hulipa shule. Kwa hiyo viazi vikifa Kibirichia au Kianjokoma, si habari ya shamba tu, ni habari ya mfanyakazi wa reli.

Mnakumbuka ilivyokuwa msimu uliopita. Wengine wetu tulikopa katika chama cha akiba, tukanunua mbegu kwa mfanyabiashara mmoja ambaye hatuna haja ya kumtaja, tukapeleka nyumbani. Zilikuwa mbegu nzuri za kutazama, safi, hazina kidonda. Zikaota vizuri. Karibu na wakati wa kutoa maua tukapigiwa simu kwamba mashina mengine yanalegea saa sita mchana na kuamka jioni. Baada ya siku chache hayakuamka tena. Majani yalikuwa bado ya kijani, lakini yamelala kama kitambaa kilicholowa.

Ndugu zangu, hapa ndipo tulipokosa sisi wenyewe, na afadhali tuseme mbele yenu. Tulipiga simu nyumbani kwa ukali. Tulisema, hamkumwagilia. Tulisema, hamkupiga dawa, tumepoteza pesa kwa uvivu wenu. Mama wa nyumbani mmoja alichota maji mferejini kwa ndoo asubuhi na jioni kwa muda wa wiki nzima, na mtoto mchanga mgongoni, akimwagilia mashina ambayo tayari yalikuwa yamesimama katika udongo wa maji maji. Mwingine alipiga mara tatu ile dawa ya ugonjwa wa majani kuungua siku za ukungu. Haikufaa kitu. Mwingine kati yetu alifikia kusema kwamba ndugu yake ana kijicho, na mpaka leo nyumba hizo mbili haziamkiani. Haya yote yalitokea kwa sababu hatukujua jambo moja tu, yaani kinachotendeka ndani ya shina.

Tulipokuja katika mkutano tulidai chama kiandike barua serikalini iletwe dawa ya mnyauko. Wengine wakapinga. Leo tunakuja kusema kwamba barua na iandikwe, lakini si barua ile.

Ugonjwa huu huitwa mnyauko bakteria. Bakteria ni kiumbe kidogo mno. Wa aina hii ukiwapanga kichwa kwa mkia kama mabehewa, utahitaji kama 500 kupata urefu wa milimita moja. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Erwin Smith alimweleza mwaka 1896, na hapa Kenya ugonjwa uliandikwa mwaka 1945. Siku hizi wataalamu humwita Ralstonia. Si mgeni basi. Babu zetu walimwona, ila hawakuambiwa jina lake.

Sasa tuingie ndani ya shina. Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila chumba kina ukuta wake. Mtu aliyejenga nyumba ya fito na udongo ataufahamu ukuta huu bila shida. Fito zake ni nyuzi za selulosi; pamba ni selulosi karibu tupu, na katani sehemu kubwa yake ni hiyo hiyo. Udongo wa kukandika ni kitu kiitwacho pektini. Pektini ndiyo hufanya jemu igande katika chupa, na ndiyo hushika chumba na chumba visiachane. Mmea hauna mifupa. Husimama kwa sababu ya kuta hizi, na kwa sababu maji yamejaa ndani yake.

Maji hayo hupanda kutoka mizizini kwa mishipa myembamba. Wazee wetu wa siku za injini za mvuke wanakumbuka matangi ya maji stesheni na mabomba yake. Mishipa ya mmea ni mabomba kama hayo, ila yamesimama wima kwa maelfu, na kati ya bomba na bomba kuna vidirisha vidogo vilivyozibwa kwa utando wa pektini na selulosi. Maji hupenya utando huo. Bakteria hapenyi.

Bakteria hana meno wala mikono. Anaupitaje? Hapa ndipo panapofaa kusikilizwa vizuri. Ana vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kinachotengenezwa na kiumbe hai kwa ajili ya kukata au kuunga vitu vingine, na kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Hata sisi tunavyo. Chukua kipande cha kiazi kilichochemshwa, kitafune muda mrefu bila kukimeza, utaona kinaanza kuwa kitamu kidogo. Si sukari uliyotia wewe. Ni kimeng'enya cha mate kilichoukata wanga ukawa sukari.

Tofauti ni kwamba sisi humeza kwanza, na kazi kubwa ya kumeng'enya hufanyika tumboni. Bakteria huyu hufanya kazi hiyo nje ya mwili wake. Vimeng'enya huundwa ndani, kisha hupitishwa nje katika mlango maalum ulio katika ngozi yake, kama vile behewa haliwezi kutoka yadi ila kwa kupitia geti. Wataalamu wamehesabu vimeng'enya sita vya bakteria huyu vinavyoshambulia ukuta. Vinne ni vya pektini: kimoja huilainisha na vitatu huikata. Viwili ni vya selulosi. Yaani vinne hubomoa udongo na viwili hukata fito.

Safari yake huwa hivi. Yuko udongoni, au ndani ya mbegu yenyewe. Huingia katika mzizi palipochunwa na jembe au na minyoo midogo ya udongo, au pale mzizi mdogo unapochipua kutoka mzizi mkubwa, maana hapo ngozi imepasuka kidogo. Hupita katikati ya seli na seli mpaka afike mshipa wa maji. Akishaingia mshipani amefika nyumbani. Huongezeka, vimeng'enya hufungua vidirisha, naye huhamia bomba la pili, la tatu, la kumi. Pamoja na hayo hutoa ute mzito, na ute huo huziba bomba. Maji yapo udongoni, mizizi iko majini, lakini jani la juu halipati hata tone. Ndiyo maana yule mama alimwagilia bure. Hakukuwa na upungufu wa maji. Njia ndiyo iliyofungwa.

Kuna jambo lililotushangaza, na tunajua wengine watacheka. Bakteria hawa huhesabiana. Kila mmoja hutoa kitu fulani, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo kitu hicho kinavyozidi kujaa pale walipo. Kitu hicho kilitambuliwa mwaka 1997. Wakiwa wachache huogelea, na hutumia zaidi vile vimeng'enya vya kukata pektini, kazi ya kupenya tu. Wakiona wamekuwa wengi hubadilika wote pamoja: huacha kuogelea, huanza kumwaga ute kwa wingi, na kimeng'enya cha kukata selulosi huongezeka. Ndugu mmoja alipolisikia hili alisema, kumbe bakteria wana chama kuliko sisi ambao kuleta michango ni vita. Tulicheka, lakini jambo lenyewe ni zito, maana linaeleza kwa nini shamba huonekana zima kwa wiki nyingi, kisha huanguka ghafula katika siku chache.

Inafaa pia kujua kwamba mmea haukai kimya. Vipande vya pektini iliyokatwa ni kama kishindo cha mlango unaovunjwa. Mmea huvisikia na kuanza kujikinga. Basi anayevunja ukuta akiwa bado mchache hujiumiza mwenyewe. Wataalamu wanaona huenda hii ni sababu mojawapo ya bakteria wengi wa namna hii kungoja wawe kundi kabla ya kuvunja sana.

Wenzetu wa stoo ya mizigo walituuliza: je, huyu ndiye anayefanya gunia la viazi lioze na kutoa maji yenye harufu mbaya? Sivyo. Huyo ni bakteria mwingine, wa kuoza kwa majimaji. Yeye pia silaha zake ni vimeng'enya vya kuta, tena hasa vya pektini, lakini humwaga vingi mno kwa pamoja, na udongo wote wa kukandika huyeyuka. Ndiyo maana kiazi kilichoshikwa naye hubaki ngozi tupu, na ndani ni uji. Hupenda gunia lililofungwa lina unyevu wala halipati hewa, na kiazi kilichopigwa au kukatwa na jembe. Yule wa mnyauko ni kama mwizi anayefungua dirisha moja moja. Huyu wa uozo ni mtu anayebomoa nyumba nzima. Katika gunia dawa yake ni kukausha viazi kabla ya kufunga, kutenga vilivyochubuka, na kuacha hewa ipite. Hilo laweza kufanywa na kila mmoja wetu kesho asubuhi, na hatutasema zaidi.

Turudi kwenye mnyauko. Mwaka 2005 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapa habari ya kazi waliyoifanya kwa subira kubwa. Walimnyang'anya bakteria vimeng'enya vyake kimoja kimoja, mpaka wakapata bakteria asiye na chochote katika vile sita. Wakamtia kwenye mimea ya nyanya, maana nyanya na kiazi ni ukoo mmoja na ugonjwa ni huo huo. Mimea ilichelewa kunyauka. Lakini ilinyauka! Kisha wakachukua bakteria mwingine wakaufunga ule mlango wenyewe, kitu kisipite. Huyo nguvu zake zilianguka zaidi sana. Kumbe mlangoni hupita na silaha nyingine zaidi ya zile sita.

Sisi tulipolifahamu hili tuliona aibu kwa ajili ya ile barua yetu. Tulikuwa tukidhani iko chupa moja mahali fulani, na kwamba tunanyimwa tu. Lakini dawa tunayonyunyiza hukaa juu ya jani, na adui yuko ndani ya bomba, katikati ya shina. Hata tungepata kitu cha kuzuia kimeng'enya kimoja, angali ana vingine. Hakuna dawa ya kunyunyiza iponyayo mnyauko, na mtu akikuuzia chupa kwa ahadi hiyo, mwambie akanyunyize kwanza kwake.

Kwa hiyo mahali pa kumzuia ni kabla hajaingia mshipani. Na kwetu mlango mkubwa anaoingilia ni mbegu. Hili lilituuma zaidi ya yote. Bakteria huyu hupenda joto. Kiazi kilichokua juu kwenye baridi, kama upande wa juu wa Timau, chaweza kumbeba bila shina lake kunyauka hata kidogo. Ukikitazama ni kizuri. Ukikishusha kupanda chini kwenye joto, huamka. Basi zile mbegu tulizonunua, safi, zisizo na kidonda, hazikusema uwongo kwa macho. Macho yetu ndiyo hayana uwezo wa kumwona. Sisi ndio tuliopeleka ugonjwa nyumbani, kwa mkopo, kisha tukamlaumu aliyekuwa akichota maji.

Na maji yale. Mferejini bakteria husafiri. Yaliyomwagwa juu ya mashina magonjwa yalitelemka kwa jirani wa chini. Hatusemi hili ili mama yule alaumiwe tena. Tunalisema ili mtu yeyote mwenye shamba la mteremko ajue kwamba shina likinyauka huling'oa pamoja na viazi vyake na udongo ulioshika mizizi, hulichoma au hulizika mbali, wala halitupi mferejini. Jembe na viatu husafishwa kabla ya kuingia upande mzima.

Bwana shamba alitufundisha namna ya kupima bila kwenda maabara. Kata kipande cha shina chini karibu na udongo, kining'inize katika bilauri ya maji safi, usikitikise. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye kidonda. Hao ni bakteria na ute wao. Na kiazi chenyewe ukikikata huonyesha duara la kahawia, na ukikibinya hutoka usaha mweupe. Pengine udongo hunata kwenye macho ya kiazi.

Sasa shauri letu. Wanachama watatuambia mbegu iliyopimwa ni ghali, na ni kweli. Ekari moja yataka kama magunia 16 ya kilo 50, na robo ekari magunia manne. Mtu mmoja hawezi. Lakini twaweza kuanza na kidogo: kila mmoja gunia moja tu la mbegu iliyothibitishwa, kama ile inayozalishwa Kisima karibu na Timau, ipandwe katika kipande ambacho hakijapandwa viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa, iwe bustani ya mbegu, si ya kuuza wala kula. Katika shamba lililobaki tupande mahindi, kabichi au vitunguu, ambavyo havimlishi bakteria huyu. Maotea ya viazi yang'olewe. Mnavu nao, ingawa ni mboga tuipendayo, usiachwe humo, maana ni ukoo wa kiazi na humtunza ndani yake.

Mtu mwenye robo ekari tu atauliza, nikiacha viazi nitalipa ada kwa nini? Swali hilo tunalo sisi pia na hatukupata jibu tamu. Twajua tu kwamba kurudia viazi katika udongo ule ni kulipa mkopo wa pili juu ya wa kwanza. Baadhi yetu tumeanza kupatana na ndugu wenye vipande vingine, kubadilishana kwa misimu miwili mitatu. Na yule mwenzetu mwenye ugomvi wa kijicho amesema ataanza kwa ndugu yake huyo huyo. Amekwisha kumwandikia.

Kwa hiyo tunaliomba tawi libadili barua yetu. Tusiombe dawa. Tuombe serikali za kaunti za Meru na Embu mbegu zilizopimwa ziletwe karibu na wakulima wadogo, na mahali pa kupima udongo na viazi kabla ya kupanda. Na tunaomba chama cha akiba kifikiriwe kutoa mkopo mdogo wa gunia moja kwa kila mwanachama atakaye, ulipwe baada ya mavuno ya pili, maana mavuno ya kwanza ni mbegu.

Mezani hapa mnaona bilauri tatu. Moja ina shina zima kutoka nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mbili zina mashina kutoka Kibirichia, tuliyoyaleta yamefungwa ndani ya mifuko miwili miwili. Tuliyaning'iniza tulipoanza kusema. Njooni mtazame kwa zamu, mstari mmoja, wala mtu asitie kidole. Mkimaliza, maji hayo tutayachemsha jikoni na mashina tutayachoma. Mtu asije akayamwaga kwenye kitalu cha nyanya cha mke wa stesheni masta.